Kabati la Vitumbua

Guruguru alikuja ndani ya ndoo ya rangi,
kifuniko kimetobolewa kwa msumari,
kutoka shamba la mkonge, Pongwe,
zawadi ya mjomba asiyeuliza wenye nyumba.
Mwanamkasi akaifungua mezani, kati ya vikombe.
Kikatoka kitu kirefu kama mkono wangu,
magamba yamepangwa safu safu kama makuti,
kidevu chekundu, mtu aliyetoka kutafuna tambuu.

"Anataka nyumba," mwanangu akasema.
Nami fundi wa milango, Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
nikajibu kifundi: "Vipimo?"
Mjusi hasemi futi.

Tukaanza na tenga la nyanya.
Kabla ya adhuhuri tulimkuta nyuma ya gunia la mkaa.
Tukamtia kwenye beseni la bati, kuta zateleza, hapandi,
lakini jua la kaskazi likaligeuza kikaango;
nilitia kiganja nikakitoa mbio.
Sanduku la runinga ya chogo, nalo, giza tupu:
siku mbili hakugusa panzi.

Bi Mwanahija wa nyumba ya pili
akasimama kizingitini, kanga puani.
"Huyo si ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu?"
"Siye, bibi. Yule kafiri wa ukutani. Huyu wa shimoni."
"Ukoo mmoja," akasema, akaenda zake.
Kesho yake alileta papai lililoiva mno.

Mwanamkasi alichuchumaa uani siku tatu, akimtazama.
Hapandi, baba. Anatembea.
Dari si shida yake, shida yake sakafu.
Asubuhi anataka joto, mchana anataka kivuli,
na anataka kuchagua mwenyewe, asichaguliwe.
Kama sisi: asubuhi barazani, mchana uani.

Kisha akalitaja lile tulilokuwa tukilizunguka.
"Kabati la mama."

Lipo ukumbini, limefunikwa tangu arobaini.
Vioo vinne, fremu ya mninga,
nililichonga mwenyewe mwaka tuliooana.
Vitumbua vyake viliingia humo vikitoa moshi
kabla mwadhini hajakohoa.
Kwenye kioo cha mbele, kwa rangi ya kucha,
mwandiko wake: KIMOJA 100.

"Refu mno," nikasema.
Neno jingine nililimeza.
"Si ulilaze," akasema.

Nikalilaza.
Kioo kilichokuwa ubavu kikawa paa; nikakitoa,
nikapigilia wavu wa chuma wa matundu madogo,
maana kioo pande zote hupika.
Udongo wa Pongwe, ndoo tatu, kina cha kiwiko:
hili ni kabila la wachimbaji.
Jiwe bapa panapopiga jua la kwanza.
Pembe ya pili, nusu ya chungu kilichovunjika,
mdomo wake umegeuziwa ukuta, mtu ajifiche akitaka.
Kisahani cha maji.
Komeo mbili: moja kwa ajili yake,
moja kwa ajili ya paka wa Bi Mwanahija.
Nikapangusa vioo kwa siki.
Nilipofika kwenye ile namba, kitambaa kikaruka.

Sasa asubuhi hutoka chunguni, ana udongo puani,
hupanda jiweni, hujibandika kama chapati.
Jua hupita kwenye tarakimu zilizolala ubavu
na kivuli cha bei humwangukia mgongoni.
Anageuka bila kukunja mkia.
Hicho ndicho kipimo, Mwanamkasi kanifundisha:
pua isiguse kioo hiki mkia ukigusa kile.

"Akikua?" nilimuuliza juzi.
"Tutamrudisha Pongwe.
Kabati utalisimamisha."

Alisema hivyo, akaenda kutafuta panzi.
Nikabaki nimeinama na tochi,
nikitazama maungio ya mninga, yale ya pembeni,
namna udongo ulivyokwisha kuingia.